Paipu za stima nje ya ukuta: mwaka na nusu sasa, uzoefu wangu

Mavyaa alipoingia mara ya kwanza alisimama hapo mlangoni na kapu lake, akaangalia ukuta chini mpaka darini, akaniuliza, "Mwanangu, hii nyumba mushahamia ama bado yajengwa?"

Sikumlaumu. Kwetu paipu ya stima, ile ya kupitishia waya, kuwa nje watu washazoea kuiona godauni ama karakana, si sebuleni. Lakini wacha niwaeleze ilivyokuwa maana watu wengi wameniuliza nimelipa ngapi na kama yafaa.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya pili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba dirishani waweza kukaa na sahani yako ya mahamri na bado nafasi ibaki. Waya zilikuwa zile za kizamani za kupigwa klipu juu ya vibao vya mbao, mpira wake umekauka ukiugusa wavunjika kama biskuti, kwa hivyo kubadilisha ilikuwa lazima. Fundi wa kwanza akaja na grainda na patasi azike paipu ndani ya ukuta vile wanavyofanya kwa nyumba za bloku, basi alichimba urefu wa kama mkono mmoja tu, chokaa ikaanza kubanduka vipande vikubwa kama sinia na jiwe nalo lamomonyoka, vumbi likaingia mpaka ndani ya friji. Nikamwambia fundi hebu simama kwanza. Ukuta wa matumbawe si wa kuchimba hivyo. Na ukifikiria vizuri, vile vibao vya mbao navyo vilikuwa nje ya ukuta miaka yote na hakuna aliyeuliza kama nyumba yajengwa!

Ndipo nikaamua paipu zikae nje lakini zikae kwa heshima. Mume wangu akaleta picha kwa simu za lile jumba la Pompidou kule Paris, lililofunguliwa 1977, ambalo mabomba yote yako nje na kila kitu na rangi yake, stima manjano, maji kijani, hewa buluu. Akataka zetu tuzipige manjano. Nikamwambia labda chumba cha watoto, sebule yangu wacha.

Sebuleni tukaweka GI, yaani paipu ya chuma ya milimita 20, hatukuipaka rangi. Jikoni na msalani tukaweka PVC, yaani ya plastiki, nyeupe tukaipaka nyeusi. Bei, GI ilinitoka zaidi ya mara mbili ya PVC, na hiyo ni paipu peke yake, hujaingia boksi za chuma, kapla na bushi za kuungia, na sadoli, vile vishikio vya kuikaza paipu ukutani. Halafu kuna fundi. Hapa ndipo wengi hujidanganya, wafikiri kwa vile huchimbi ukuta basi kazi ni rahisi. Walai si rahisi! Paipu ikizikwa hata ikienda upogo plasta yaficha kila kitu, lakini ya nje ikiinama kidogo tu utaiona kila siku ukinywa chai. Jikoni PVC ilichukua siku moja, sebule ya GI siku nne nzima.

Huyo fundi wa pili nlimpata kwa jirani, ana leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, na nliomba anionyeshe, usione haya kuuliza. Alipiga uzi wa rangi ukutani kabla ya kutoboa tundu hata moja, kila sadoli akapima na pima maji, na kuta zetu hazijanyooka, kwa hivyo pima maji ilikuwa yasema sawa na macho yasema upogo, tukaishia kufuata boriti za darini badala ya pima maji na ndio ikapendeza. Kila paipu aliyokata aliingiza tupa akasugua ncha kwa ndani, akanambia, "Dada, hii makali ndiyo hukata waya wakati wa kuvuta." Pia akanieleza kwa chuma waya ya moto na nyutro lazima zipite paipu moja, ukizitenga kila moja na paipu yake chuma chapata moto. Na paipu yote ya chuma lazima iunganishwe na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, maana waya ikichubuka humo ndani, bila ethi ukuta wako mzima una kitu cha kukupiga shoti. Kama fundi wako hajataja ethi mpaka wewe umuulize, tafuta mwengine.

Sasa malalamiko. CHUMVI. Dirisha letu latazama upande wa Bandari ya Kale na upepo waingia raha mustarehe, na chumvi nayo yaingia. GI si kwamba haishiki kutu, imepakwa zinki tu, na pale fundi anapokata hesi ile zinki yaondoka, chuma chabaki uchi. Miezi sita tu nikaona pete za hudhurungi kwenye kila kiungo karibu na dirisha. Mbaya zaidi ni skrubu. Tulitumia zile za kawaida za bei rahisi, na msimu wa mvua ulipoingia kila sadoli ikaanza kulia, mchirizi mwembamba wa kutu washuka kwa ukuta mweupe kama mtu aliyelia na wanja. Ilibidi nitoe skrubu zote za upande ule niweke za stenlesi, viungo nikasugua na msasa nikapaka rangi ya zinki kwa brashi ndogo. Kama niko mahali pa kuanza upya ningefanya hivyo siku ya kwanza, ama ningeweka PVC upande wa bahari na GI niiache kwa ukuta wa ndani, ambao mpaka leo wang'aa.

PVC jikoni haijanisumbua kutu wala nini ila ile inayopita dirishani jua la alasiri yaipata, imelegea katikati ya sadoli mbili kama kamba ya kuanika. Sadoli zingekaribiana ingekuwa sawa.

Vumbi lakaa juu ya paipu, hilo jizatiti, kitambaa kila wiki. Na mjusi wamepata barabara kuu, yule mmoja hupita kutoka balbu hadi swichi kama yuwalipa nauli. Mavyaa naye siku ya pili alitundika buibui lake na mkoba juu ya paipu ya mlangoni, rolplagi, zile plagi za kushikia skrubu tunduni, kwenye chokaa hazishiki hivyo, sadoli mbili zikachomoka. Nimemtilia ndoano yake mwenyewe kando.

Lakini faida niseme pia. Mwezi wa tatu tulitaka soketi ya pili kando ya meza ya kazi. Fundi akafungua boksi, akaongeza kipande cha paipu, akavuta waya, saa moja na nusu, hakuna patasi, hakuna vumbi, hakuna kupaka rangi upya. Na jioni taa zikiwaka, ile mistari ya chuma juu ya chokaa nyeupe chini ya boriti, mimi naipenda. Mume wangu naye ameshinda chumba cha watoto, paipu moja ni ya manjano.

GI naipa nyota tatu kwa hapa pwani, PVC ya kupaka rangi nne, fundi tano. Chumbani bado kuna skrubu kama 20 za zamani za kubadilisha, nangoja mvua ipungue.