Rwenzori: theluji nyota tano, mwongozaji hata moja simpi

Kampuni iliyotupeleka mlima Rwenzori, huku Uganda, siitaji jina, kwa sababu wapagazi wake walitutendea wema mwingi na sitaki wakose kazi kwa ajili yangu. Lakini mwongozaji mkuu wao alinikera mno. Mpaka leo nikisikia mtu anapanga safari ya Rwenzori, moyo unanichemka.

Habari za njia, vibanda na bei mtazikuta kwingine. Tope la Bujuku, bonde la njiani, kila mtu keshalisimulia. Mimi nilikwenda kwa ajili ya theluji. Nimekulia Kasese, wilaya ambayo ikweta inapita katikati yake, na tangu utotoni, asubuhi mawingu yakifunguka, tulikuwa tunauona weupe ule kule juu. Wazee wetu wa Kikonzo walituambia ndiko anakokaa Kitasamba, mungu wa mlima. Watu husafiri kutoka Ulaya kuja kuikanyaga, na sisi tunaoamka chini yake tunazeeka bila kuigusa. Nilitaka kuishika kwa mikono yangu, nicheze nayo mpaka nichoke. Nililisema hilo ofisini siku ya kulipa, wakacheka vizuri, wakasema hakuna tabu.

Basi tukafika Elena, kibanda cha mita 4,541. Usiku mvua ilikuwa inapiga paa, halafu kelele zikakatika ghafla. Tukadhani imekwisha. Kumbe ilikuwa imegeuka theluji. Alfajiri mwongozaji akatutangazia kwamba hali ya hewa ni mbaya, kileleni tutakwenda kesho, leo ni kupumzika. Naomba mlikumbuke hilo. Siku ilikuwa tupu, na aliyeiacha tupu ni yeye.

Nilipofungua mlango sikuamini. Mawe yote meusi ya jana hayakuonekana. Hakuna aliyekuwa amepakanyaga. Mwanzoni haikushikana: ukiifinyanga inamwagika vidoleni kama unga wa muhogo, maana kulikuwa na baridi kali. Jua lilipochungulia kidogo ikapata unyevu, na hapo ndipo donge la kwanza likakubali. Nikamtupia mdogo wangu, likampata shingoni. Alipiga yowe! Akanirudishia mawili. Wapagazi wakatoka kibandani, vijana wa kwetu hawa, wanaopanda na mizigo yetu mwaka mzima, na mmoja akaniambia, "Dada, na hili pokea!" Tukagawanyika makundi. Kuna mteremko mfupi pembeni ya kibanda, mdogo wangu akaketi juu ya mfuko wa plastiki akateleza mpaka chini, akapanda tena, akateleza tena. Mikono ilikuwa inauma kwa baridi na sikutaka kuiingiza mfukoni. Sijacheka hivyo tangu niwe mtu mzima. Nasema kweli, kama ningeambiwa nishukie hapo hapo nirudi nyumbani, ningeona pesa yangu imerudi yote.

Ndipo akatokea. Hakusalimu. "Mama, acheni utoto. Hapa si uwanja wa shule. Mkiumwa nani atawabeba? Mkitaka kucheza, nendeni Entebbe mkacheze na mchanga." Kisha akawageukia wapagazi kwa Lukonzo, lugha ya kwetu, maneno ambayo siwezi kuyaandika, mbele yetu, kana kwamba mimi Lukonzo sikisikii. Vijana wakadondosha madonge, wakachukua madumu wakaenda kutafuta maji.

Nikanyamaza. Nikajiambia labda ana sababu, mlima una hatari zake, na mtu akivunjika mguu kule kumshusha ni kazi ya siku nzima na zaidi. Ningemwelewa kabisa kama mambo yangeishia hapo.

Mchana wageni wawili wa Ujerumani tuliokuwa nao kundi moja wakatoka nje. Wakajenga mtu wa theluji. Wakarushiana. Wakateleza pale pale kwenye mteremko wa mdogo wangu. Na yeye? Alikuwa anawapiga picha! Akawaazima kofia yake wamvike yule mtu wa theluji. Nikatoka nikamuuliza, mzee, wao hawataumwa? Akanijibu, "Hawa ni watalii." Na sisi ni nini? Tulilipa, tulipanda kwa miguu ile ile, na tope letu halikuwa jepesi kuliko lao.

Kesho yake tulifika Margherita, kilele cha mlima Stanley, mita 5,109. Nisimdhulumu: kwenye barafu anajua kazi yake. Kamba aliifunga kwa makini, kila ufa alituonyesha, na mdogo wangu alipoishiwa pumzi alimsubiri kwa upole ambao ulinishangaza. Picha ya kilele ninayo. Simwonyeshi mtu, kwa sababu nikiiangalia namwona yeye tu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mlima wenyewe hautusubiri. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alipopanda, barafu ilikuwepo kwenye milima yote sita mikubwa ya Rwenzori. Leo Emin, Gessi na Luigi di Savoia hazina kitu. Hata Stanley, ulio mrefu kuliko yote, unazidi kupungua. Mtoto wa Kasese atakayetaka kucheza na theluji ya kwao ataipata wapi, ikiwa hata siku iliyoanguka anafukuzwa kwa maneno?

Nilipiga simu ofisini. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, ila aliniuliza, "Lakini kilele si mlifika?"

Kwa hiyo, mwenye shida ya kilele, nenda nao, watakufikisha salama. Unayekwenda kwa ajili ya theluji, achana nao kabisa. Au hapana, nenda, lakini mwite mwongozaji mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi, mwambie uso kwa uso kwamba utacheza, umsikie atajibuje. Mimi na mdogo wangu tutarudi, tena msimu wa mvua makusudi, na wapagazi wale wale nitawatafuta. Hata kampuni ikiwa hiyo hiyo nitalipa. Mtu yule ndiye sitaki kumwona.