Nililipia roshani, nikapewa dirisha

Naandika haya hasira hazijanishuka, kwa hivyo mnisamehe nikirukaruka. Meli yenyewe, ya matembezi ya siku saba huko Alaska, hatujaipanda. Inang'oa nanga wiki chache zijazo hapa Seattle, gati 91, na masanduku ya Mama yamekaa sebuleni tangu mwezi jana kana kwamba anahamia huko Alaska moja kwa moja. Basi hapa sisemi habari za meli. Nasema habari za simu moja niliyoipigia kampuni ya meli: dakika arubaini na kitu za kusikilizishwa kinanda, kisha dakika nne za kuongea na kijana aliyeniambia maneno ambayo nayasikia hadi usiku kazini, nikibadilisha mashuka ya wazee wa watu.

"Dirisha ni dirisha, bibi. Bahari ni ile ile."

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko Kent, jimbo la Washington, mwaka wa kumi na kitu sasa. Kila msimu wa meli, tangu Aprili hadi Oktoba, nikipita upande wa bandari nawaona watu wanashuka kwenye teksi na masanduku yao ya magurudumu, najisemea iko siku. Mama alipopata viza ya kuja kunitembelea nikaona siku ndiyo hii. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ngazi kwake ni adhabu. Helikopta za kwenda kutua juu ya barafu hazitaki hata kuzisikia. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: akae roshani, blanketi magotini, kikombe cha kahawa ya tangawizi mkononi, barafu impitie mbele ya macho kama majirani walivyokuwa wakimpitia barazani kwetu miaka yote ile. Mtu wa Mji wa Kale haelezwi roshani ni nini. Kwetu roshani ndiyo nyumba, vyumba vya ndani ni vya kulala.

Nikafanya shifti za usiku, nyingine mbili mfululizo, nikalipa kidogo kidogo. Karibu dola 1,900 kwa kila mmoja wetu kabla ya bakshishi. Nikamaliza deni miezi mitatu kabla ya safari kama walivyotaka, wala sikuchelewa hata siku moja.

Nilikuwa nimeonywa. Kazini kuna dada mmoja Mfilipino, yeye na mumewe wamepanda meli hizi toka kabla ya korona. Alinambia mapema, usitarajie ile raha iliyokuwa ikisifiwa. Zamani chumba kilisafishwa asubuhi na jioni, safari yao ya mwisho kilisafishwa mara moja kwa siku. Pizza ya kuletewa chumbani sasa ina ada. Nyama nzuri ya kuchoma iko kwenye mkahawa wa kulipia, ile ya bure, alisema, "inatafunika." Bakshishi zimepanda. Nikamjibu kwamba mimi sikununua nyama wala pizza, nimenunua kiti nje na kamlango ka kukifikia. Akanitazama vile wanavyowatazama wafanyakazi wapya siku ya kwanza.

Halafu ikaja barua pepe. Kichwa chake, naapa, kilisema kuna "habari njema." Meli yetu imepelekwa kwingine, italetwa nyingine badala yake, na kwa kuwa vyumba havilingani, tumepangiwa kipya "chenye mandhari ya bahari." Kukodoa macho kwenye ramani ya meli, naona chumba chetu kiko nyuma ya mashua za kuokolea watu. Yaani ukifungua pazia asubuhi unatazamana na tumbo la mashua, rangi ya chungwa, upana wa basi. Mandhari ya bahari! Tofauti ya bei watatuwekea kama salio la kutumia humo humo melini, kwenye vinywaji ambavyo Mama hanywi na kamari ambayo Mama hachezi.

Ndipo nikapiga simu.

Nilianza kwa adabu. Nikaeleza magoti ya Mama. Nikaeleza kwamba nililipia roshani na nina risiti. Kijana akasikiliza, au alikuwa anakula, sijui, kulikuwa na sauti ya karatasi karatasi. Akasema mkataba unawaruhusu kubadilisha meli. Nikamwambia sikuuliza mkataba unaruhusu nini, nimeuliza Mama yangu atakaa wapi. Akasema kuna madawati sitaha ya juu kwa abiria wote. Nikamwambia sitaha ya juu Alaska, upepo wa barafu, mzee wa miaka 71? Hapo ndipo alipovuta pumzi, ile ya mtu anayemchokea mtoto, akanipa hilo la dirisha ni dirisha.

Sasa, la dirisha ningelimeza. Ni ujinga lakini ni ujinga wa kawaida. La pili ndilo lililonikaba. Kumwambia mtu wa Mombasa bahari ni ile ile! Bahari ya Nyali si ya Kilindini, na ziko mji mmoja. Bahari ya asubuhi maji yamejaa si ya alasiri maji yametoka. Marehemu baba alikuwa akisimama Forodhani anakwambia kwa rangi ya maji kama kesho kutakuwa na samaki. Nami nimelipa shifti zote zile, kijana ananambia nitazame tumbo la mashua, bahari ni ile ile. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nakaribia kusema maneno ambayo hata kwa Kiingereza yangeeleweka kwa Kiswahili.

Nyota moja. Hiyo moja pia ni kwa sababu sifuri haikubaliwi.

Lakini nikitulia nakiri kwamba si kila kitu ni kosa lao. Mfano barafu. Ratiba ya kwanza ilisema tutaingia Tracy Arm, ile njia nyembamba ya bahari kati ya milima kusini ya Juneau. Sasa tunapelekwa Endicott Arm, jirani yake. Nilikuwa tayari kuwaka na kwa hilo pia, mpaka nikasoma sababu. Agosti 2025 ubavu wa mlima uliporomoka baharini mle mle Tracy Arm, karibu na barafu ya South Sawyer, alfajiri, na wimbi lake likaparamia mlima wa upande wa pili zaidi ya mita 400. Hakufa mtu, kwa kuwa saa hiyo hapakuwa na meli mle ndani. Basi hapo nawaunga mkono, waende Endicott. Sikumweleza Mama. Nimemwambia wamebadilisha njia kwa ajili ya foleni.

Na Victoria, ya Kanada. Hili kila Mkenya na Mtanzania anayetaka kumpeleka mzazi alisikilize, kwa sababu kwenye tovuti yao limeandikwa kwa herufi za sisimizi. Safari inaanza Seattle na inaishia Seattle, na, ukiiondoa Victoria, bandari nyingine zote ni za Marekani: Juneau, Skagway, Ketchikan. Mtu anafikiri viza ya Marekani inatosha. Haitoshi. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozikataza meli za bendera za nje kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha Marekani bila kutia nanga nchi nyingine njiani. Meli hizi karibu zote zina bendera za Bahama, Panama na kadhalika. Kwa hiyo usiku wa mwisho meli inapita Victoria, Kanada, saa chache tu, kama mtu anayepitia ofisini kutia sahihi. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake kwa korona, Bunge la Marekani lilibidi kupitisha sheria ya muda ndipo meli zikaweza kwenda Alaska.

Maana yake nini kwako? Maana yake Mama yangu, mwenye pasipoti ya Kenya, ambaye meli ikifika Victoria atakuwa amelala fofofo, anahitaji viza ya Kanada. Dola 100 za Kanada za maombi, 85 za alama za vidole. Vidole tukaenda kutolea kwenye ofisi ya uhamiaji ya Marekani, pasipoti ikasafiri kwa posta ikarudi. Mimi mwenye kadi ya ukaazi natakiwa kadi na pasipoti basi. Angalieni pia viza ya Marekani ya mzazi iwe ya kuingia mara nyingi, maana akishatoka kwenda Kanada, hata akiwa usingizini, kurudi ni kuingia upya. Mama alisema hajapata kulipia nchi asiyoiona. Nikamwambia atachungulia. Kisha nikakumbuka dirisha, hasira zikanirudia pale pale.

Siku kama tatu baadaye nikapiga tena. Safari hii nikapokelewa na mama mmoja mtu mzima, sauti ya taratibu, akaniuliza kwanza magoti ya Mama yanaendeleaje. Mtu ambaye hatujapata kuonana! Akasema kijana aliandika kwenye faili kwamba "mteja amekataa ofa." Ofa gani? Akacheka kidogo, akanambia nisubiri. Roshani hamna, zimejaa zote, na alinitajia idadi bila kunificha. Lakini sitaha ya chini, nne chini ya zile mashua, kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha safi, hakuna kitu mbele yake, karibu na lifti. Akatuhamishia pale pale. Tofauti ya bei akasema atairudisha kwenye kadi yangu, si salio la vinywaji. Na imerudi kweli, nimeiona.

Huyo mama ningempa nyota tano na kanga ya doti. Nikafikiri basi, niandike kwamba huduma yao ni nzuri, kuna kijana mmoja tu aliyeamka vibaya. Nikaanza hata kuandika. Jioni ile ile ikaingia barua pepe nyingine: bakshishi dola 17 kwa mtu kwa siku. Siku saba, watu wawili, dola 238. Sina neno na bakshishi, nami naishi kwa kazi ya mikono na najua mgongo wa anayetandika vitanda. Binamu yangu wa Likoni yuko kwenye meli kama hizi, za kampuni nyingine, na anasema vyumba anavyohudumia sasa ni vingi kuliko alivyoanza navyo. Basi nauliza: chumba kinasafishwa mara moja badala ya mbili, mfanyakazi amezidishiwa vyumba, bakshishi imepanda. Hiyo tofauti inaliwa na nani? Si binamu yangu, maana mwezi huu ameniomba hela ya simu.

Mambo mengine nayapitia haraka. Chakula cha halali ukitaka waambie mapema sana, si siku ya kupanda. Sisi tumesema samaki na mboga, tukamaliza, huko ndiko kwao samoni. Birika la umeme na pasi haviruhusiwi melini, vitachukuliwa mlangoni, kwa hivyo tangawizi ya Mama inakwenda ya unga na maji ya moto tutayaomba mkahawani. Ketchikan inanyesha zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, mara tatu ya Mombasa na ushei, nunua koti la mvua wala usidanganywe na mwavuli. Skagway tutapanda treni ya White Pass. Mama aliposikia reli hiyo ilianza kujengwa 1898, miaka miwili tu baada ya ile ya kwetu kuanzia Mombasa, ndiyo mara ya kwanza nilipomwona amefurahia kitu. Anataka kujua kama nayo ilikuwa na simba kama wale wa Tsavo.

Swali alilonishinda nalo ni jingine. Tunakwenda mwisho wa mwezi wa sita, na Juneau wakati huo jua linazama baada ya saa nne usiku na linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri. "Sasa Isha nitaisali saa ngapi?" Nimempigia shekhe wetu hapa Kent. Shekhe amesema atanirudia. Ukweli wa Mungu, hata hilo amenijibu vizuri kuliko yule kijana.

Juzi nikamsimulia Mama kisa chote cha simu, maana nilikuwa nimemficha la roshani. Nilitarajia atanionea huruma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja kanga, kisha akauliza: "Hilo dirisha lafunguka?" Nikamwambia halifunguki, Mama, ni la meli. "Basi si dirisha. Hilo ni kioo." Akanyamaza kidogo. "Lakini la bahari kasema kweli, mwanangu. Mbona wamkasirikia?"

Sikumjibu. Mimi bado namkasirikia. Ukiniuliza kama ningenunua tena safari hii, jana ningesema ndiyo, asubuhi hii hapana, sasa hivi nimeona sweta la Mama limekunjwa juu ya sanduku, sijui. Weka nyota tatu. Mbili na nusu. Nikirudi nitarekebisha. Na ukipiga simu yao ukaisikia ile karatasi karatasi, kata, piga tena, mpaka umpate yule mama wa sauti ya taratibu.