Kinyozi wa Pasua na picha zake za ukutani

Kama unaishi Moshi na una mtoto wa kiume aliyefika umri wa kujichagulia nywele, nakuelekeza kwa kinyozi mmoja wa Pasua. Wangu ana miaka 13, amemaliza darasa la saba, yuko nyumbani anasubiri kidato cha kwanza. Wazazi mnaijua miezi hiyo. Mwalimu wa zamu hayupo na mkasi wake, na kutwa nzima mtoto ameshika simu ya dada yake anatazama vichwa vya watu.

Saluni ni fremu moja tu, viti viwili, kioo kirefu kilichobanduka pembeni, na benchi la watu watano. Mtoto ananyolewa kwa 2,000, mtu mzima 3,000, kuchonga ndevu unaongeza 1,000. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, kwa hiyo jicho langu hukimbilia vifaa kwanza. Huyu kinyozi anafungua kichwa cha mashine mbele yako, anakipiga brashi, anakifuta kwa spiriti, anaacha kikauke. Wembe anautoa kwenye karatasi yake na wewe unaona. Hilo kwangu ni kubwa, maana saluni tuliyokuwa tukienda zamani mwanangu alitoka na mapunye, akameza dawa wiki sita, na nilipouliza habari ya spiriti niliambiwa imeisha tangu juzi.

Lakini kilichonifanya niandike ni ukuta.

Ukuta wa kushoto umejaa picha za watu maarufu, wanamuziki, wachezaji mpira, waigizaji. Mwanangu alipokaa tu akanyoosha kidole kwa kijana mmoja wa bongo fleva mwenye panki iliyopakwa rangi ya dhahabu. "Anko, nataka kama huyu."

Kinyozi akazima mashine. "Unataka nywele zake, au unataka uwe yeye?"

Mtoto kimya.

"Nywele nakupa sasa hivi, dakika ishirini. Hilo la pili siliwezi."

Hakusema kwa kumkejeli. Alisubiri kweli ajibiwe, na wateja wawili waliokuwa benchini nao wakasubiri. Nimekaa kwenye semina nyingi za vijana usharikani, sijasikia swali lililomfikia mtoto wangu namna ile.

Kisha akaanza kunyoa huku anaongea. Akamwonyesha Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, picha imepauka hadi shati halijulikani rangi yake. Aprili 2012 Kanumba alipofariki, kinyozi alikuwa anafanya kazi Dar es Salaam, akaenda Leaders Club siku ya kuaga mwili. Alisimulia umati ulivyofurika, watu wazima wakilia kama wamefiwa na ndugu wa tumbo moja. Wala hakumsema marehemu vibaya, na mimi nisingekubali amseme. Alichosema ni kwamba kijana alikuwa na miaka 28, nchi nzima inamjua, na umati wote ule haukuweza kumwongezea asubuhi moja.

Pembeni yupo Michael Jackson, kofia imemfunika jicho. Hapo mimi nilishindwa kunyamaza, kwa sababu dawa iliyomuua naijua kwa mkono wangu. Inaitwa propofoli, nyeupe kama maziwa. Mgonjwa akishalazwa mezani inaingizwa kwenye mshipa, unamwambia ahesabu, na mara nyingi hafiki kumi. Lazima awepo mtu wa kuangalia pumzi yake muda wote, asigeuke hata kidogo, maana dawa ile ikizidi pumzi inasimama. Yule bwana alikuwa akipewa nyumbani, chumbani kwake, ili apate usingizi tu. Juni 2009, ana miaka 50, tiketi za maonyesho 50 ya London zimeshauzwa zote, na hawezi kulala.

"Mama, kwa nini alikuwa halali?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba Zaburi ya 127 inasema Mungu humpa mpenzi wake usingizi, nikamkumbusha bibi yake kule Mamba anayesinzia katikati ya sala na chemli bado inawaka. Niliogopa pia asielewe vibaya, nikaongeza kwamba wagonjwa wangu wengi hawalali na Mungu anawapenda sana. Nilichotaka aone ni kwamba makofi ya watu wote wale hayakununua kitu ambacho bibi anapewa bure kila usiku.

Mambo haya yananiuma kwa sababu ninayo ya kwetu. Mdogo wangu aliimba. Wimbo wake mmoja ulishika redioni msimu mmoja hivi, na Krismasi ile alipanda nyumbani kihambani na simu mbili, zote zinaita hadi wakati wa sala ya chakula. Mama akamkalisha kwenye kiti cha marehemu baba. Krismasi ya pili baada ya hapo alikuja na simu moja. Aliiweka mezani kioo kikiangalia juu, kutwa nzima. Haikuita. Nilimwona anainyanyua, anaangalia kama kuna mtandao, anairudisha palepale karibu na sahani ya ndizi nyama. Sijawahi kumuuliza chochote kuhusu siku ile.

Sisi Watanzania tunasema msanii ni kioo cha jamii. Nimelisikia neno hilo miaka yote, sikuwahi kulipima hadi nilipokaa kwenye benchi lile. Kioo kilikuwa mbele ya mwanangu, kinamwonyesha masikio aliyorithi kwa baba yake na kovu la kuanguka kwenye mwembe. Picha ilikuwa kushoto, na shingo yake ikawa inapinda kushoto kila mara, hadi kinyozi akawa anamrudisha kichwa kwa vidole viwili. Mtu maarufu hawezi kuwa kioo. Ukimtazama unamwona yeye, wewe hujioni.

Na Biblia haikatazi kuiga watu. Waebrania 13:7 inatuambia tuige, ila kwa sharti, tuchunguze mwisho wa mwenendo wao. Picha haina mwisho. Inamnasa mtu dakika moja, amevaa, amepakwa, taa zinamwakia, basi. Mwenendo utauona kwa mtu unayeishi naye karibu: chenji ikizidi anairudisha au anaikunja, akirudi na njaa anamjibu mkewe vipi. Mtoto anahitaji watu wa namna hiyo wawili watatu anaoweza kuwasalimia shikamoo wakaitikia. Hawa wa kwenye simu anawajua yeye, wao hawamjui.

Kanisani nako tusijifiche. Pita barabara yoyote ya Moshi msimu wa mikutano ya injili, utakuta bango lenye uso wa mhubiri mkubwa kuliko neno "Yesu" lililoandikwa chini yake. Watoto wanaona. Tunawafundisha kipaimara kwamba Yohana Mbatizaji alisema hana budi kupungua ili Kristo azidi, halafu tunawapanga mstari wapige picha na mwimbaji mgeni. Hata lugha imetuponyoka. Neno "wafuasi" zamani mtoto alilisikia kwenye Injili, wale waliomfuata Bwana wakaacha nyavu. Leo mwanangu akisema fulani ana wafuasi milioni, anasoma namba kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyeacha kitu.

Nirudi kwenye saluni, maana kasoro zipo na utakayekwenda uzijue. Jumamosi usithubutu baada ya saa nne asubuhi, foleni inatoka hadi nje kwenye jua. Kinyozi ni mmoja, kile kiti cha pili ni cha kukalia wanaosubiri. Umeme ukikatika hana jenereta, mtu anabaki nusu kichwa. Mwezi uliopita nilimkuta baba mmoja amekaa hivyo saa nzima, kofia mkononi. Taulo zinafuliwa lakini ni chache, chukua lako. Na ukiwa na haraka huyu si mtu wako. Akianza kuongea mkono unapunguza mwendo, ingawa kazi yenyewe ni safi, kisogo kimenyooka kama kimepigwa rula.

Nywele? Mwanangu alichagua panki vilevile. Nilimruhusu, bila rangi, na Januari itashuka. Sikutaka atoke pale anaona kwamba nywele ni dhambi.

Wakati anafutwa shingo aliona picha ndogo nyeusi na nyeupe juu ya beseni, imekatwa kwenye gazeti. Mtu anakimbia, mguu umefungwa bandeji.

"Anko, na huyu ni nani?"

"John Stephen Akhwari, wa Mbulu. Marathoni ya Olimpiki, Mexico, 1968."

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Mtoto akageuka mzima mzima kwenye kiti. "Wa mwisho? Sasa mbona umemweka?"

"Kaa sawa, nimalizie." Akampaka poda, akamsimulia jinsi Akhwari alivyoanguka njiani, goti likaumia vibaya, wengine zaidi ya kumi wakaacha mbio zile. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza saa nzima na zaidi. Jua limezama, watu wengi wameshaondoka uwanjani, na yeye anaingia anachechemea. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio tu, ilimtuma azimalize.

Nililipa 2,000. Kwenye daladala mwanangu alikaa dirishani, anashika shika kichwa chake kipya. Tulipokaribia mjini akaniuliza kutoka Moshi hadi Mbulu nauli ni shilingi ngapi.