Programu inayosoma "Ijumaa ijayo": uzoefu wangu wa miezi minane Mwaloni

Jina la programu sitalitaja, maana fundi aliyeitengeneza bado anapokea simu zangu na sitaki aache. Ni ya hesabu za biashara. Natunza vitabu vya mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla hapa sokoni Mwaloni, Kirumba, Mwanza.

Kilichonivuta ni faili lake la mipangilio. Tarehe unaiandika kama unavyoitamka: "every friday 5pm", "2 weeks ago", "1 month ago". Ni Kiingereza tu, Kiswahili haikijui, lakini kwangu ilikuwa nafuu kubwa. Kabla ya hapo nilitumia cron, programu ya kuendesha kazi za kompyuta kwa ratiba, ile yenye nyota tano unazobadilisha kwa namba. Kwenye cron Jumapili ni 0 na Jumatatu ni 1. Kijana aliyenisaidia kuipanga akaweka 3, kwa sababu Jumatatu si ya tatu? Wiki tatu nzima ripoti ya Jumatatu ikawa inatoka Jumatano. Sikumlaumu, jina lenyewe lina tatu ndani.

Miezi ya mwanzo nilifurahi. Halafu ikafika tarehe 31 Machi.

Mama alitaka mauzo ya Februari ayaweke kando ya Machi. Ripoti ya mwezi uliopita nilikuwa nimeipanga kwa "1 month ago", kwa hiyo nikabonyeza, nikachapa, nikampelekea. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama. "Mwanangu, hii Februari yako mbona ina mzigo niliouza juzi?" Nikarudi kwenye kompyuta kwa aibu. Kumbe programu ilitoa mwezi mmoja kwenye 31 Machi ikapata 31 Februari, siku ambayo haipo, ikasogea mbele hadi 3 Machi. Kwa hiyo "mwezi uliopita" wake ukawa Machi ileile. Baadaye niligundua si ugonjwa wa programu hii peke yake. Amri ya tarehe iitwayo date, ile ya GNU iliyomo kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, inahesabu vivyo hivyo, na mwongozo wake unaonya kabisa: ukitaka mwezi uliopita kwa uhakika, anzia tarehe 15 ya mwezi huu ndipo urudi nyuma. Nimefanya hivyo na shida imeisha, ila lugha tamu niliyoinunulia imeshachakachuliwa.

Kosa la saa lilikuwa letu wenyewe. Binti wa dukani aliandika 2:00 kwenye muda wa nakala rudufu, akimaanisha saa mbili asubuhi tunapofungua. Kompyuta ikaelewa saa nane usiku, wakati yenyewe imezimwa na kufunikwa kanga. Siku kumi na moja hatukuwa na nakala hata moja, na programu haikusema neno.

Ukimya huo ndio unaoniudhi kuliko yote. Kuna mstari wa kufuta nakala za zamani, nimeuwekea "2 weeks ago". Siku moja nikaujaribu kwenye folda ya mazoezi na kukosea makusudi, nikaandika "2 weaks ago". Programu haikukataa. Iliona haielewi, ikachukua kuwa ni sasa hivi, ikafuta nakala zote zilizotangulia sasa hivi, yaani zote. Nilikaa kimya kidogo nikifikiria ingekuwa folda yenyewe. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili, nayo ina tabia inayofanana unapotazama historia hiyo: mpe tarehe asiyoielewa, mara nyingi ataichukulia kuwa ni sasa bila kulalamika. Lakini kutazama vibaya na kufuta vibaya si mamoja.

Ninachokitaka kipo tayari kwa wenzake. Kwenye systemd, programu inayosimamia huduma na ratiba kwenye Linux, kuna amri ya systemd-analyze calendar. Unaipa "Fri 17:00", inakuandikia ilivyokuelewa, neno kwa neno, kisha inakutajia mara ijayo itakuwa tarehe ngapi na saa ngapi. Ukiandika upuuzi inakataa. Nimemwonyesha fundi, akasema ataliangalia.

Kuna jambo moja ambalo simdai, ingawa ndilo lenye pesa nyingi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi mingi inakaa, na mwenye deni anakwambia "nitalipa giza likiingia". Nilijaribu kuweka ukumbusho wa kudai madeni hayo, "every 30 days", yaani kila siku 30. Mwezi wa angani ni kama siku 29 na nusu, kwa hiyo baada ya nusu mwaka ukumbusho ulikuwa umechelewa karibu siku tatu, na kwa mtu mwenye pesa ya mavuno mkononi siku tatu ni nyingi. Sasa mama anazungushia duara la wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani, nami naziingiza tarehe moja moja, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, bila maneno.

Nyota tatu kati ya tano. Fundi akiniwekea mstari wa kunirudishia tarehe aliyoielewa kabla ya kufuta chochote, ya nne naiongeza siku hiyohiyo. Mama yeye ametoa mbili, anasema kalenda ya ukutani haijawahi kumletea Februari yenye dagaa wa juzi.