Darasa la Biblia la Alhamisi hapa Moshi: kwa elfu kumi nimesomeshwa barua nzima

Nashona Mbuyuni. Juu ya cherehani yangu kwa miaka 11 kumening'inia kibao chenye Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Nilikinunua mwaka ule kiwanja chetu kilipoingia kwenye kesi. Mtumishi mmoja aliniwekea mkono kichwani, akanisomea mstari huo, akasema mwaka hautaisha kabla sijaishika hati. Nikatoa sadaka ya shukrani mapema, kama nilivyoelekezwa. Hati ilikuja mwaka wa sita.

Basi darasani nilikwenda na mzigo huo.

Darasa ni kila Alhamisi, saa 11 jioni hadi saa 1, kwa wiki 12, kwenye ukumbi wa usharika mmoja hapa mjini. Ada ni shilingi 10,000, za karatasi na chai. Anayefundisha ni mwinjilisti mstaafu. Tulikuwa 23: Walutheri wengi, Wakatoliki wanne, vijana wawili wa kilokole. Dada mmoja Mkatoliki aliuliza kwa nini Biblia yake ina vitabu 73 na zetu 66. Mwinjilisti alimweleza kwa heshima, kisha akamwomba atusomee kipande cha Tobiti. Wengi wetu hatukuwahi kukisikia.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonilipa. Tulifika Yeremia, nami nikawa naungoja mstari wangu. Hakuuanza. Alitusomesha sura ya 28 na ya 29 kwa sauti, kila mtu mstari wake. Tukamkuta nabii Hanania nyumbani mwa Bwana, akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vilivyochukuliwa vitarudi kutoka Babeli. Akaivua nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Naamini walishangilia, hata mimi ningeshangilia. Yeremia akamwambia ametabiri uongo na atakufa; mwaka huohuo, mwezi wa saba, akafa. Ndipo inakuja barua ya Yeremia kwa waliohamishiwa Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji huo amani. Mstari wa 10 unasema watarudishwa kwao miaka 70 ikitimia. Wangu unafuata hapohapo.

"Mama," akaniuliza, "ungekuwa Babeli siku barua inafika, ingetimia ukiwa na umri gani?"

Nina miaka 54. Nikajumlisha: 124.

"Sasa soma tena. Anasema wewe, au ninyi?"

Ninyi. Imeandikwa wazi kabisa, "ninayowawazia ninyi", na mimi kila siku nimeketi chini yake nikisoma wewe. Nililia kwenye daladala nikirudi Kiborloni. Miaka sita nilijilaumu kwamba imani yangu haba ndiyo inayoizuia hati, kumbe Mungu hakuwahi kuniahidi mwaka.

Sisi wa Moshi jambo hili tunalijua kwa uchungu. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana pale uwanja wa Majengo, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwinjilisti aliigusa siku hiyo mara moja tu, tulipofika Matendo 17:11, kwa watu wa Beroya walioyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo. "Paulo alikaguliwa," akatuambia. "Na mimi nikagueni."

Tulimkagua kweli. Kijana mmoja alimbana na Waebrania 6, kuhusu walioanguka baada ya kuangaziwa. Akasema wasomi wametofautiana hapo tangu zamani, akatupa maelezo mawili, kisha akasema lipi analishika yeye na kwamba hilo ni lake. Swali jingine alilishindwa, akaliandika kwenye daftari; wiki iliyofuata alianza nalo hata kabla ya sala.

Kasoro zipo. Tunachelewa nusu saa kwa sababu kwaya haijamaliza mazoezi. Fotokopi zimefifia mno kwa macho ya umri wangu. Wenye watoto wadogo hawana pa kuwaweka, na kina mama wawili waliacha kwa sababu hiyo. Kubwa zaidi, Ufunuo tuliupitia jioni moja. Hapo sikubaliani naye kabisa. Hicho ndicho kitabu watu wanachotishiwa nacho kuliko vyote. Bora angekiacha kuliko kukikimbiza. Nilimwambia, akakubali kwamba alipanga vibaya.

Kibao bado kipo ukutani. Nimempa fundi seremala anichongee mstari wa 10 juu yake.

Darasa jipya linaanza Alhamisi ya kwanza ya Februari, nami nimeshalipa. Tutasoma Wagalatia peke yake, sura sita kwa wiki 12. Njoo na Biblia ya karatasi, maana umeme hukatika, na uje na kaunta buku. Ukiwa na miwani, usiisahau.