Kadi za nyigu Encarsia formosa dhidi ya inzi weupe: tathmini ya mkulima wa kitalu nyumba

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni kadi ndogo za karatasi ngumu ambazo wakulima wa vitalu nyumba nchini Uingereza huziagiza kwa posta ili kupambana na inzi weupe. Kila kadi imebandikwa tunutu, yaani wachanga, wa inzi weupe waliogeuka weusi, kwa kuwa ndani ya kila mmoja wao kuna nyigu wa spishi ya Encarsia formosa anayesubiri kutoka. Ukizitundika kadi hizo kwenye mashina ya nyanya, nyigu hutoka, huwatafuta tunutu wengine chini ya majani, hutaga ndani yao, na kizazi kinachofuata huendeleza kazi ile ile bila mkulima kunyunyiza dawa yoyote. Nimezitumia katika kitalu changu cha kioo chenye nyanya, bilinganya na pilipili, na nimeridhika nazo. Hata hivyo, jambo linaloipa bidhaa hii thamani yake, na ambalo pia ndilo chanzo cha udhaifu wake mmojawapo, halikutajwa popote katika karatasi ya maelekezo niliyopewa. Jambo hilo ni bakteria.

Mnunuzi akichukua lenzi ya mkono na kuwatazama nyigu wanapotoka, ataona kwamba wote wanafanana: urefu wao ni kama milimita 0.6, kichwa na kifua ni vyeusi, na tumbo ni la manjano. Hao wote ni majike. Dume wa spishi hii ana mwili mweusi mtupu, naye ni nadra sana. Kwa nyigu wa kawaida mambo hayako hivyo. Katika ukoo mzima wa nyigu, nyuki na sisimizi, yai lililorutubishwa hutoa jike mwenye seti mbili za kromosomu, na yai lisilorutubishwa hutoa dume mwenye seti moja. Kwa kanuni hiyo, jike wa Encarsia ambaye hajawahi kukutana na dume angepaswa kuzaa madume matupu, na kadi hizi zingekwisha nguvu baada ya kizazi kimoja. Yeye lakini huzaa majike, kwa sababu ndani ya seli za mayai yake wamo bakteria wa jenasi ya Wolbachia, na hao ndio wanaosababisha yai lisilorutubishwa lipate seti mbili za kromosomu. Namna wanavyofanya hivyo imechunguzwa kwa karibu zaidi kwa nyigu wa Trichogramma, ambao nao huuzwa kwa wakulima: katika mgawanyiko wa kwanza wa yai, kromosomu hujirudufu lakini hazitengani, kwa hiyo yai lililoanza na seti moja huendelea na mbili zinazofanana kabisa.

Faida ya bakteria katika mpango huu ni rahisi kuielewa. Wolbachia hurithishwa kwa njia ya yai tu, wala hapiti katika mbegu ya dume. Kila mtoto wa kiume anayezaliwa ni mwisho wa safari kwa bakteria walio ndani yake, na kila mtoto wa kike ni njia mpya. Bakteria mwenye uwezo wa kugeuza watoto wote wawe majike huenea katika kundi la wadudu, hata kama hamletei mdudu mwenyewe nafuu nyingine yoyote. Mkulima anafaidika kwa bahati tu. Dume wa nyigu hatagi, kwa hiyo hamwui inzi mweupe hata mmoja. Kadi ambayo nusu ya wadudu wake wangekuwa madume ingekuwa na nusu ya thamani. Hapa kila mdudu unayemlipia ni mfanyakazi, na jike mmoja aliyepotelea kwenye kona ya kitalu anaweza kuanzisha ukoo peke yake.

Historia ya bidhaa hii inastahili kujulikana na anayeinunua. Mwaka 1924 mtaalamu wa wadudu A. B. Gahan alimpa nyigu huyu jina lake la kisayansi, na mwaka huo huo Marshall Hertig na S. Burt Wolbach walieleza vijidudu walivyoviona ndani ya mbu aina ya Culex pipiens huko Marekani, vijidudu ambavyo Hertig alivipa jina la Wolbachia mwaka 1936. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuunganisha habari hizo mbili. Mwaka 1926 mkulima wa nyanya wa Uingereza alionyesha tunutu weusi aliowakuta kwenye mazao yake, na E. R. Speyer wa kituo cha utafiti cha Cheshunt, katika jimbo la Hertfordshire, akatambua kwamba wameshambuliwa na nyigu; katika miaka michache kituo hicho kilikuwa kikigawa nyigu kwa mamia ya wakulima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, DDT na dawa nyingine ziliiua biashara hiyo, hadi wadudu walipozizoea dawa na wakulima wakawarudia nyigu katika miaka ya 1970. Muda wote huo watu walikuwa wakizalisha na kuuza mdudu ambaye uzazi wake ulikuwa mikononi mwa bakteria ambao wao hawakuwajua. Mwaka 1990 Richard Stouthamer na wenzake walionyesha kwamba majike wa Trichogramma wanaozaa bila dume wakilishwa dawa za antibiotiki huanza kuzaa madume, na mwaka 1992 Einat Zchori-Fein na wenzake wakaonyesha hivyo hivyo kwa Encarsia formosa.

Jaribio hilo la 1992 lilitoa tokeo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Madume walipatikana, lakini hawakuweza kuwarutubisha majike. Kwa vizazi vingi mno bakteria waliifanya kazi ya dume, na viungo na tabia za kujamiiana, kwa kuwa havikuwa na kazi tena, vikachakaa bila chochote cha kuvihifadhi. Nyigu huyu sasa hana njia ya kurudi alikotoka: ukimwondolea bakteria wake, anazaa wana wasioweza kuendeleza ukoo. Kuna nyigu mwingine, Asobara tabida, aliyefika mbali zaidi, kwani bila Wolbachia mayai yenyewe hayakomai. Ninawashauri wanaopenda kusema kwamba vimelea hudhoofisha tu waitazame mifano hii, maana hapa kimelea amejifanya kiungo cha mwili.

Nikirudi kwenye matumizi, kadi hutundikwa sehemu ya chini ya mmea, kwenye kivuli, kwa sababu nyigu wakishatoka hupanda juu wakikagua majani. Kuwatazama wakifanya kazi kunahitaji subira, lakini kunalipa. Jike hutembea upande wa chini wa jani akiligonga kwa vipapasio vyake, husimama juu ya tunutu, humpima kwa kumzunguka, kisha hugeuka na kumchoma kwa sindano ya kutagia. Tunutu wadogo mno kwa kutagwa huchomwa na kunyonywa, nao hufa vile vile. Walioshambuliwa hugeuka weusi baada ya siku kadhaa, na huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba fedha yako haikupotea. Ushahidi wa pili, ambao sijauona katika maelekezo ya muuzaji yeyote, ni umbo la tundu: nyigu hutoka kwa kutafuna tundu la mviringo juu ya gamba, ilhali inzi mweupe aliyekomaa huacha mpasuko wenye umbo la herufi T. Kagua majani ya chini kwa lenzi, na uwiano wa matundu ya mviringo na mipasuko ya T utakueleza nani anashinda bila kumuuliza mtu yeyote.

Dosari zipo, na nyingine ni za muuzaji, si za nyigu. Shehena mojawapo ilinifikia ikiwa imechelewa katika juma la joto kali, na sehemu ya nyigu ilikuwa imekwisha kutoka na kufa ndani ya bahasha. Muuzaji alinitumia kadi nyingine bila ubishi, lakini ingefaa zaidi kama maelekezo yangeeleza kwamba joto ni hatari kwa njia mbili. Linafupisha maisha ya nyigu aliyekomaa, jambo ambalo kila mtu hulitaja. Na likizidi nyuzi 30 hivi kwa vizazi kadhaa mfululizo, linawapunguza Wolbachia na kuleta madume wasio na kazi. Wimbi moja la joto halitafanya hivyo katika kitalu cha kawaida. Mwenye kitalu kisichofunguliwa madirisha kiangazi kizima, anayetegemea kizazi kimoja kizae kingine bila kununua kadi mpya, ana sababu ya kuwatafuta wenye tumbo jeusi kwenye lenzi yake.

Baridi nayo ni kikwazo, kwani chini ya nyuzi 18 nyigu karibu hawaruki, na kwa hali ya hewa ya Uingereza hiyo inamaanisha kwamba kadi za mapema kabla majira ya joto hayajashika ni hasara, isipokuwa kama unapasha kitalu joto. Kadi pia si dawa ya janga lililokwisha kutokea: inzi weupe wakiwa wengi, majimaji matamu wanayoyamwaga hunata kwenye majani, na nyigu hupoteza muda wakijisafisha badala ya kutaga. Osha kwanza kwa sabuni laini ya mimea, subiri, ndipo utundike. Usipogoe majani yote ya chini, kwa kuwa ndiyo yanayobeba tunutu weusi wa kizazi kijacho. Punguza pia mitego ya manjano yenye gundi, ambayo haichagui nani inamnasa.

Mdudu anayelengwa nawe pia mtambue kabla ya kulipa. Encarsia humweza vizuri inzi mweupe wa vitalu, Trialeurodes vaporariorum, ambaye hulaza mabawa yake karibu bapa juu ya mgongo. Kwa inzi mweupe Bemisia tabaci, ambaye huyainua mabawa kama paa na kuacha mwili wa manjano uonekane katikati, matokeo ni dhaifu zaidi, na tunutu aliyeshambuliwa huwa wa rangi ya kahawia badala ya mweusi. Aliye na Bemisia anunue nyigu wengine.

Nimeulizwa kama ni salama kununua kitu chenye bakteria wanaochezea uzazi wa wadudu. Wolbachia hawaishi ndani ya binadamu wala mimea, na tayari wamo katika wadudu wengi wanaoruka bustanini. Mbinu zao hutofautiana kwa kadiri ya mdudu. Kwa mbu, dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye nao, mayai hayaanguliwi, na mbinu hiyo ndiyo inayotumika Singapore tangu 2016 kwa kuachilia madume wa Aedes aegypti. Mbinu nyingine ni katili zaidi: kuzunguka Nairobi, kipepeo Danaus chrysippus hubeba bakteria wa aina tofauti, Spiroplasma, ambao huwaua watoto wa kiume wakiwa wachanga, hata majike wakawa wengi kupita kiasi. Kati ya mbinu hizo, ya Encarsia ndiyo iliyomfaa mkulima mdogo moja kwa moja, kwa kuwa haimhitaji aachilie mdudu wa jinsia fulani wala kuhesabu uwiano wowote.

Nitaendelea kuzinunua, kwa mafungu madogo kila baada ya wiki moja au mbili tangu inzi wa kwanza anapoonekana, badala ya fungu kubwa mara moja. Kwa bei, kadi za msimu mzima hugharimu zaidi ya chupa ya dawa, na mwenye mimea mitatu dirishani hazihitaji. Mwenye kitalu kamili anazihitaji, mradi amwombe muuzaji atume mwanzoni mwa juma ili kifurushi kisilale ghalani Jumamosi na Jumapili, na kikifika azitundike kadi siku hiyo hiyo jioni.