Oili imemwagika kwenye injini: nunua nini, acha nini

Mwaka jana fundi mmoja aliniongezea oili kwenye gari langu, Toyota IST, akasahau kurudisha kifuniko. Nilishtuka nikiwa Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, moshi unapenya pembeni mwa boneti. Kufungua, oili imetapakaa: juu ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye mkanda wa alteneta, mpaka kwenye ekzosti, ambako ilikuwa inachemka na kuacha madoa meusi yanayong'aa kama lami. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila kitu wanachokupa wauza spea wa Gerezani na mafundi wa mtaani. Navipanga kwa namna ambavyo ningevinunua leo.

Kwanza zima gari na liache lipoe kabisa. Ekzosti iliyotoka safari inaweza kupita nyuzi joto 300, na dawa nyingi za kuondoa oili zinaweza kuwaka zikiangukia hapo.

Namba moja ni matambara na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa oili iliyomwagika leo, sijaona kinachoshinda. Tafuta fulana kuukuu za pamba tupu, maana za nailoni zinasukuma oili badala ya kuinyonya. Kandamiza tambara juu ya oili, liache linywe, geuza upande. Likishiba, chukua jingine. Ukifanya hivi kwa subira, sehemu kubwa ya oili inatoka kabla hujagusa maji. Kisha changanya sabuni na maji ya moto kwenye chupa ya kupulizia, sugua kwa mswaki wa zamani, futa kwa tambara lenye maji safi. Gharama yake ni ndogo mno, na mipira ya injini haidhuriki.

Namba mbili ni dawa ya kuoshea injini, ile ya kuchanganya na maji. Hii inunuliwe kwa oili ya zamani iliyoshikana na vumbi mpaka ikawa ugali mweusi. Hapa soma lebo kwa makini, kwa sababu chupa zinafanana na yaliyomo hayafanani. Ukiona kostiki soda, irudishe rafuni. Tapeti kava nyingi na gamba la alteneta ni aluminiamu, na kostiki inaila: utaona chuma kimepauka na kuwa na mabaka, na hayo hayafutiki. Chukua iliyoandikwa kuwa ni salama kwa aluminiamu na mpira. Funika alteneta, boksi la fyuzi, koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi) na mdomo wa kuvutia hewa kwa nailoni ya kufunikia chakula. Pulizia, subiri dakika chache, sugua, suuza kwa maji kidogo kabla dawa haijakaukia.

Namba tatu, mafuta ya taa. Mafundi wanayapenda na kweli yanakata grisi. Mimi nayatumia kwa chuma kitupu tu, nikiwa nimelowesha brashi na si kumwaga, na baadaye nayaosha kwa sabuni. Yakiachwa yanabaki kama utando unaonasa vumbi upya, na kwenye mikanda na mabomba ya mpira yanafanya mpira uvimbe na kulegea.

Spreyi ya kusafishia breki naiweka ya nne. Inakausha haraka, nzuri kwa doa dogo kwenye chuma, lakini inaharibu rangi na baadhi ya plastiki. Zile zenye klorini zikigusana na chuma cha moto hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo usizitumie ndani ya gereji iliyofungwa.

Kuoshewa injini kwa mashine ya presha sikushauri kabisa. Nilifanya mara moja. Maji yakaingia kwenye visima vya plagi, yaani matundu zinamokaa plagi, gari likamisi, injini ikasitasita, siku mbili mpaka koili zilipofunguliwa na kukaushwa. Na petroli, tafadhali, hata mtu akikupa bure ikatae. Mvuke wake unatembea, na cheche moja ya betri inatosha kuunguza gari na aliyeinama juu yake.

Jambo moja zaidi la kununua ni karai pana la kuweka chini ya gari, na kiroba cha unga wa mbao wa kunyonyea kinachodondoka sakafuni. Maji yale yana oili, yasiende mtaroni.

Ukimaliza, pima oili kwa kijiti chake, maana iliyomwagika lazima irudishwe. Washa injini boneti ikiwa wazi. Moshi kidogo siku ya kwanza ni mabaki yanayoungua kwenye ekzosti. Moshi ukiendelea siku ya tatu, mulika tochi kwenye ukingo wa tapeti kava: ukikuta unyevu mpya, fedha ya dawa nyingine ipeleke kwenye gasketi, ule mpira unaoziba ukingo huo.